Keni ya mama

Najua nimewatupa, karibu wiki tano sijaandika kitu na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, nipo. Bumu limechelewa, bwenini maji yanatoka saa kumi usiku, hayo mnayajua. Kilichoninyamazisha safari hii ni keni ya maziwa ya mama yangu na vipande vya bati la alumini lenye unene wa milimita moja na nusu. Leo nina nafasi, ngoja niwasimulie.

Kwa wageni: mwenzenu nasoma ualimu wa ufundi, mwaka wa pili. Tukimaliza tunaenda kufundisha shule za sekondari za ufundi, ndiyo maana nusu ya wiki mnanikuta darasani nasikiliza saikolojia ya elimu na nusu nyingine niko karakana nimevaa ovaroli. Baba yangu ni fundi wa mageti kule Tukuyu, na mimi nimeanza kushika mashine ya rodi nikiwa darasa la sita. Kwa hiyo muhula ulipoanza na tukaambiwa tutajifunza kuchomelea alumini nyembamba kwa TIG, nilijua hapo ndipo pa kujichukulia A yangu. Nilisema hivyo kwa sauti. Mbele za watu. Kumbukeni hilo.

Sasa keni. Mama ana ng'ombe watatu, na maziwa anayapeleka kituo cha kukusanyia maziwa kila asubuhi. Pale wanapima kwa laktomita na alkoholi, na dumu la plastiki hawalitaki kwa sababu halisafishiki vizuri, mafuta yanaganda kwenye mikwaruzo na maziwa yanaharibika. Keni ya mama ya alumini ilipata ufa chini, pale ukuta unapokutana na kitako, ufa wa urefu wa kidole cha shahada. Jirani mmoja akaiziba kwa ile gundi ya kuchanganya mirija miwili. Kituoni wakaiona, wakamrudisha na maziwa yake. Siku tatu mama anaazima keni ya watu.

Baba hakuigusa. Mashine yake ya rodi ni ya vyuma vya mageti, alumini nyembamba namna ile angeiyeyusha yote. Alichosema ni: "Mpelekee mwanao, si ndiyo anasomea." Mama alinisimulia akicheka, mimi sikucheka. Wanaomjua baba watanielewa, hajawahi kuuliza hata mara moja huku chuoni tunafanya nini. Alitaka nisomee uuguzi.

Basi keni ikapakiwa kwenye buti ya basi, nikaenda kuipokea stendi usiku.

Wakati huo mwenzenu nilikuwa sijafanikiwa kuunga hata vipande viwili vya mazoezi. Kila nikishika tochi, tundu. Nikisogea kidogo, tundu lingine. Fundi wa karakana yetu, mzee mmoja mpole ambaye tunamwita Mzee tu, alichukua kipande changu akakiinua kwenye taa ya dari, mwanga ukapita. Akasema, "Mwanangu, hii ni chujio la chai." Darasa zima likaangua kicheko, na mliokuwepo siku ile ya A yangu mnajua nilivyojisikia.

Ngoja niwaeleze tatizo lilipo, kwa sababu nilichukua muda mrefu kulielewa. Chuma cha kawaida kinakuonya. Kikipata moto kinakuwa chekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha ndiyo kinayeyuka, una muda wa kufikiria. Alumini haibadiliki rangi. Inakaa nyeupe ile ile mpaka sekunde inayoanguka. Halafu inayeyuka kwenye nyuzi 660 tu za Selsiasi, wakati juu yake kuna ngozi nyembamba ya oksidi isiyoonekana kwa macho ambayo yenyewe haiyeyuki mpaka upite nyuzi 2,000. Yaani ndani kumeshakuwa uji na juu bado kuna ngozi, kama maziwa yaliyochemka. Unangoja uone kitu, huoni, unazidisha moto, na ngozi ikipasuka vyote vinaondoka pamoja.

Ndiyo maana alumini huchomelewa kwa mkondo geu. Nusu moja ya mzunguko wa umeme inaivunja ile ngozi, nusu nyingine inapeleka joto kwenye kazi. Kwenye mashine za kisasa unaweza hata kuchagua nusu ipi ipewe muda zaidi. Yetu tuliiweka kwenye asilimia 70 upande wa joto. Nilisoma kwamba ufundi wenyewe ulianzia Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940, Russell Meredith wa kampuni ya ndege ya Northrop alipokuwa anatafuta namna ya kuunga magnesiamu, na gesi aliyotumia ilikuwa heli. Sisi tunatumia argoni, na hapo kwenye argoni ndipo penye kilio.

Hesabu ni hii. Mtungi wetu ukiwa umejaa una kama mita 10 za ujazo, yaani lita 10,000. Tunafungua lita 8 kwa dakika. Gawanyeni wenyewe: dakika 1,250 za tochi kuwa wazi. Darasani tuko 34. Kila mtu ana dakika 36 na ushee kwa muhula mzima, na Mzee anaandika kwa chaki ukutani nani ametumia ngapi. Baada ya wiki mbili mimi nilikuwa nimetumia 21. Dakika 21 za kutengeneza chujio.

Mtihani wa vitendo ulikuwa umebaki wiki tatu. Keni iko chini ya kitanda changu bwenini, inanuka maziwa ya zamani, wenzangu chumbani wameshaanza maneno.

Nikafanya kile ambacho mtu mwoga hufanya. Nikashusha moto. Kanuni ya mafundi inasema kwa bati la milimita moja na nusu anza karibu na ampea 60. Mimi nikaweka 40, nikasema hapa sasa haitatoboka. Wadau, ilikuwa mbaya kuliko mwanzo! Nilikaa na mwali sehemu moja nikisubiri kidimbwi kitokee, hakitokei, nasubiri, na wakati nasubiri joto linasambaa, maana alumini inapitisha joto kama mara nne ya chuma cha kawaida. Kidimbwi kilipokuja kutokea, bati lote lilikuwa limeshapata moto na ukingo mzima ukaporomoka, siyo tundu tena, pengo. Dakika nne zikaandikwa ukutani.

Mzee alikuja akasimama nyuma yangu. Hakunikemea. Akaniuliza, "Baba yako fundi geti?" Nikashtuka, nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Una mkono wa geti. Unasubiri chuma kikwambie. Hii haisemi." Kisha akaenda kwenye mashine, akapandisha mpaka 75. Nilitaka kulia. Nikamwambia, Mzee, kwa 40 nimeangusha ukingo, kwa 75 si nitatoboa mpaka meza?

Akasema nikanyage pedeli mpaka chini, nihesabu moja, mbili, na nikiona kung'aa nianze kuondoka huku naachia pedeli taratibu. Ingia haraka, toka haraka. Joto lisipate muda wa kutembea.

Hiyo kung'aa ndiyo nilikuwa sijui kuiangalia. Nilikuwa nautazama ule mwali wenyewe, kama nzi. Kumbe unatazama bati chini yake. Kwanza linakuwa na weupe wa barafu, huo ni mwali unasafisha oksidi, halafu ghafla katikati panakuwa kama kioo, kama tone la zebaki. Hapo ndipo unagusisha waya wa kujazia mara moja, unautoa, unasogea. Kadiri unavyokwenda bati lenyewe linapata moto, kwa hiyo mguu unazidi kuachia. Nikimaliza mstari wa sentimita 10 natakiwa niwe nimebaki na moto mdogo kuliko nilioanza nao. Mguu wangu haukujua hilo. Mashine ya rodi haina pedeli, mguu wa fundi geti kazi yake ni kusimama tu.

Siku hiyo nilipata sentimita nne bila tundu. Sentimita nne! Nilikiweka kile kipande mfukoni nikatembea nacho mpaka kantini.

Lakini dakika zilikuwa zimebaki kama kumi. Mzee akanipa dawa ambayo haili gesi: kufanya mazoezi bila moto. Unavaa kofia, unashika tochi imezimwa, unapita juu ya bati lililowekwa mstari wa kalamu, ncha ya tangsteni iwe juu ya bati kwa umbali kama unene wa tangsteni yenyewe, isizidi, tochi imelala kidogo tu nyuma. Mara 50 kila jioni. Na waya wa kujazia unautembeza kwa vidole vya mkono wa kushoto, kidole gumba kinasukuma, viwili vinashika, bila kuhamisha mkono. Huo mchezo niliufanya kila mahali. Kwenye daladala. Kwenye foleni ya wali. Kwenye lekcha ya saikolojia ya elimu, mhadhiri anaeleza kuhusu Vygotsky na yale mambo anayoweza mwanafunzi akishikwa mkono ambayo peke yake bado hayawezi, mimi natembeza kipande cha waya chini ya meza mpaka kikaanguka, klining'! Akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nafanya hicho hicho anachofundisha. Alinitoa nje, lakini sikudanganya.

Usafi nao ulinipa somo. Mimi na mageti yangu nilizoea kuchomelea juu ya rangi na kutu, moto unakula kila kitu. Kwenye alumini hata alama ya kidole ni kosa, inatoa vitundu vyeusi ndani ya mshono. Unafuta kwa asetoni kwanza, ndipo unapiga brashi ya waya ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine. Ukianza na brashi unazika mafuta ndani. Na waya wa kujazia nao unafutwa, watu wanausahau. Mwenzetu mmoja alileta kopo la dawa ya kusafishia breki kutoka gereji ya kaka yake, akaanza kupulizia bati lake. Mzee tunayemwita mpole alipiga kelele mpaka watu wa karakana ya mbao wakaja dirishani. Baadhi ya dawa hizo zina klorini, na zikikutana na mwanga na joto la mwali zinaweza kutoa fosjini, gesi ile iliyoua askari kwenye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kopo likatupwa. Mkisahau yote ya leo, hilo msisahau.

Mtihani nilifanya Jumatano. Vipande viwili, kwanza unavishika kwa vidoti kila baada ya sentimita mbili na nusu ili bati lisijikunje, kisha mstari mmoja, kisha kinakunjwa kwenye jiliwa mbele yako. Changu kilikunjika bila kupasuka isipokuwa mwisho kabisa, kwenye kile kishimo cha kumalizia. Niliachia pedeli ghafla, na alumini ukiiachia ghafla inaweka ufa wa nyota pale pale. Unatakiwa upunguze, udondoshee tone la mwisho, na tochi usiiondoe mpaka gesi iishe kupuliza. Nilijua. Furaha ya kufika mwisho ndiyo iliyonimaliza. Nimepata B, na watu wa ile A wamenikumbusha.

Baada ya mtihani nilikuwa na dakika moja ukutani. Moja. Na keni bado.

Nikamwendea Mzee na keni mkononi nikamweleza yote, ng'ombe, kituo, gundi. Akasema gesi ni ya chuo, siyo yake, hawezi kumpa mtu dakika ambazo si zake. Nilikubali, kweli hata ingekuwa mimi. Nilipogeuka kuondoka, dada mmoja ambaye huwa hatuzungumzi sana, anakaa nyuma, akasema yeye amemaliza mtihani na ana dakika tisa zimebaki, aandikiwe ametumia. Mzee akamtazama. Akachukua chaki akafuta tisa za yule dada, akaandika sifuri. Hakusema kitu, akaenda kuvaa glavu.

Jioni nzima tulisafisha tu. Gundi tuliisaga kwa grainda mpaka chuma kikatoka cheupe. Tukatoboa vitundu viwili vidogo sana kwenye ncha mbili za ufa ili usiendelee kukimbia mbele ya moto. Tukaufungua ufa wenyewe uwe kama herufi V. Maji ya moto na sabuni, kukausha, asetoni, brashi. Ndani tukaegesha kipande cha shaba kwa kukikaza na kijiti cha mbao, shaba inanyonya joto na kukishikilia kidimbwi kisidondoke. Ukuta ulikuwa milimita mbili kasoro. Waya Mzee alichagua 4043, ule wenye silikoni, kwa sababu hatukujua keni ni alumini ya aina gani na huo ndio unaovumilia zaidi bila kupasuka. Ule wa 5356 una nguvu zaidi, lakini keni ya maziwa haibebi daraja.

Nilishusha kofia. Mikono ilikuwa inatoka jasho ndani ya glavu. Nikakanyaga, moja, mbili, kioo kikatokea, kisha kikawa cheusi na kuanza kuchemka kama maandazi kwenye mafuta. Mafuta ya maziwa! Miaka yote ile yalikuwa yamejificha ndani ya ufa. Nikaachia. Nilidhani Mzee atachukua tochi, nilitaka aichukue kwa kweli. Hakuichukua. Akasema tu, "Saga tena." Tukasaga, tukasafisha, tukarudia. Mara ya pili kilichemka kidogo. Mara ya tatu kioo kilikaa kioo.

Kutoka hapo sikumbuki vizuri. Nakumbuka vidole vya kushoto vikisukuma waya vyenyewe, kama kwenye daladala. Nilimaliza, nikapunguza, tone la mwisho, nikangoja gesi iishe. Mshono wenyewe si wa kupiga picha, una kona moja kama kiwiko.

Tukaijaza maji, tukaipaka vumbi la chaki kwa nje ili unyevu wowote uonekane, tukaiacha usiku kucha. Asubuhi kulikuwa na kidoti kimoja cha maji, kidogo kama kichwa cha pini, pale pale kwenye kiwiko. Nilikaa chini sakafuni. Dakika zilikuwa zimebaki mbili. Nikakausha, nikasaga kidoti, nikasafisha, nikaunga tena, kazi ya sekunde 20 baada ya saa nzima ya maandalizi. Usiku wa pili ikawa kavu. Ndani nikalainisha kwa msasa laini mpaka kidole hakikwami, maana pale penye mkwaruzo ndipo maziwa yanapoharibikia, na mama kituoni wangemrudisha tena.

Keni iliondoka na basi la Jumatatu. Nilimwambia konda asiweke mzigo juu yake, akaniangalia kama nina wazimu.

Leo asubuhi mama kapiga simu. Wamepokea, lita 18, hawajauliza kitu. Akaniambia ndaga fijo mwanangu, na kwamba mama mwenye nyumba ya juu naye ana keni inavuja, nikamwambia mama subiri kwanza muhula mwingine uanze, gesi imeisha. Akacheka. Halafu nikasikia sauti ya baba kwa nyuma inasema kitu, mama akasema "Ongea naye mwenyewe," simu ikakwaruza kwaruza, na baba akaja hewani. Hatukusalimiana vizuri, yeye na simu hawajawahi kuelewana. Akakohoa.

Akasema, "Uliweka ampea ngapi?"